Hela ya jezi ilipatikana, ya kidole cha dogo haikupatikana

Mwaka 2019 mimi na mshkaji wangu tulikuwa na karakana ya kuchomelea pale Tabata, mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, siku ikiwa mbaya tunachomelea hata miguu ya viti vya baa. Vijana walikuwa watatu. Asubuhi moja disiki ya grinda ikapasuka ikiwa mkononi kwa dogo mmoja, na lile kava la kukinga tulishalitoa siku nyingi kwa sababu linazuia kuingia kwenye kona, kila fundi analitoa na kila fundi anajua halitakiwi kutolewa, kipande kikaondoka na pingili ya juu ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Nakumbuka dogo alikuwa haongei. Anaangalia tu damu inavyozama kwenye vumbi la chuma, aliyekuwa anapiga kelele ni mwenzake. Tukamfunga na fulana, bodaboda, hospitali.

Kufika mapokezi swali la kwanza bima ipo? Haipo. Mpaka anamaliza matibabu bili ilisoma laki 4 na 80. Tukafungua grupu la WhatsApp, watu wakachanga, kina mama wa mtaani wakatoa buku mbili mbili, na mteja mmoja ambaye geti lake tulikuwa tumelichelewesha karibu miezi miwili akatuma elfu 50 bila kusema neno. Ile hela niliipokea kwa aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Ila kinachonisumbua zaidi ni hiki. Wiki mbili nyuma tulikuwa tumeinunulia timu ya mtaa seti nzima ya jezi, laki 3 na nusu, mgongoni imeandikwa jina la karakana, tumepiga picha na mwenyekiti wa serikali ya mtaa katikati, tukaposti na yale maneno ya "kurudisha kwa jamii". Kipindi hicho mwajiri binafsi alikuwa anachangia asilimia 1 ya mshahara kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule WCF, na dogo tulikuwa tunamlipa 220,000 kwa mwezi. Yaani 2,200. Kwa wote watatu, mwaka mzima, tuseme walikuwa wanalipwa sawa, 80,000 haifiki. Mfuko unalipa matibabu, unalipa sehemu ya mshahara wakati mtu yupo nyumbani anauguza, unalipa ulemavu, na akifa wategemezi wake wanapata kitu. Saivi mchango wenyewe umeshuka mpaka asilimia 0.5, kwahiyo kwa mshahara ule ule ingekuwa 1,100, hela ya vocha hiyo.

Nikisema hatukujua nitakuwa nadanganya. Tulisikia. Ila kichwani tulishajiambia vile ni vitu vya makampuni.

Sasa hiyo sentensi ndo nataka tuiongelee, maana nimekuja kugundua sikuwa peke yangu. Neno CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii, limetufikia mtaani likitokea kwenye migodi, mabenki na mitandao ya simu, wale wenye kitengo maalum na bajeti na mpiga picha wao. Kwa migodi imeshakuwa sheria kabisa, tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 mwenye leseni anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa kuchangia jamii na akubaliane na halmashauri ya pale alipo. Sisi wadogo hatuna wa kutubana hivyo, so tumechukua kile kipande tulichokiona kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku: hundi kubwa ya kadibodi, madumu ya mafuta, mabango, watoto wa kituo wamepangwa mstari wanapiga makofi. Ramadhani ikifika au Krismasi ikikaribia kila mwenye duka la maana anatafuta kituo cha yatima apeleke mchele na sukari. Sisemi vibaya, wale watoto wanakula kweli. Nachosema ni kwamba tumeiga mkia tukadhani ndo ng'ombe.

Maana biashara ndogo haifanani na mgodi hata kidogo. Kwa sera ya taifa ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya 2003, ukiwa na watu 1 mpaka 4 na mtaji usiozidi milioni 5 wewe ni biashara ndogo sana, kuanzia watu 5 mpaka 49 ni ndogo, 50 mpaka 99 ni ya kati. Karibu kila biashara ninayopita nayo kutoka nyumbani mpaka stendi ipo kwenye lile fungu la kwanza, saluni, kinyozi, duka la dawa, mama ntilie, kibanda cha chipsi, gereji chini ya mwarobaini. Mgodi una uzio. Wewe huna, unayemuumiza unaamka naye, mnakutana kwenye foleni ya maji, mnazikana. Kwahiyo wajibu wako kwa jamii hauanzi siku umepata hela ya ziada, unaanza pale unapomlipa mtu na pale unapomwaga maji machafu.

Na tukumbuke huyu mdogo tayari ana mzigo mkubwa kuliko tunavyomsifia. Chukua daftari la mangi, yule mwenye duka la mtaani. Nadhani hakuna aliyekulia uswahilini asiyelijua, lile counter book limekunjika kona, kila nyumba na ukurasa wake, "Mama Sofi unga kg 2, sabuni, mafuta ya 1000", imekatwa kwa peni nyekundu au haijakatwa. Mangi anakopesha bila riba, bila dhamana, bila kujaza fomu, anachoangalia ni kama unaishi hapa na mwisho wa mwezi ulopita ulijitokeza. Linganisha na wale wa mikopo ya kausha damu wanaobeba friji na godoro la watu mchana kweupe. Mshahara wa mlinzi ukichelewa wiki mbili ile nyumba haili kwa huruma ya serikali, inakula kwa daftari. Na mangi analipa gharama yake, kuna kurasa hazitalipwa milele, mtu kahama usiku na kirikuu, na bado jumatatu lazima aende kufunga mzigo kwa keshi.

Hiyo ni kazi ya kijamii nzito na hakuna anayeipiga picha.

Ila sasa, huyo huyo mangi, chungulia nyuma ya kaunta. Kuna dogo wa miaka 18 au 19 ametoka nyumbani kijijini, anafungua saa 12 asubuhi anafunga saa 5 usiku, analala juu ya magunia ya mchele ndani ya duka hilo hilo na feni moja, jumapili ndo siku ya kazi zaidi. Muulize unalipwa shingapi, atakwambia "ananitunzia". Huo ni utaratibu wa zamani na una akili yake, nisiupige mawe kijinga. Wachaga wameufanya, Wakinga wa kutoka Makete wameufanya mpaka umekuwa kama chuo, unamchukua mtoto wa ndugu, anakula kwako, anajifunza bei na watu na njia za mzigo, baada ya miaka kadhaa unamfungulia duka lake. Wenye maduka wakubwa wengi tunaowaona leo wamepitia humo. Hakuna benki inayoweza kumpa kijana wa darasa la saba mtaji kwa kumwangalia tabia tu, huu utaratibu unaweza.

Tatizo ni kwamba mkataba wote upo kwenye kichwa cha mtu mmoja. Mwaka wa nne unafika, siku ya kumfungulia duka inakaribia, ghafla stoki inaonekana ina pengo, dogo anaitwa mwizi, anapandishwa basi na begi lake. Labda aliiba kweli, mimi sijui na wewe hujui, na hapo ndo shida yenyewe ilipo, hakuna karatasi hata moja ya kuonyesha nani anamdai nani. Yule yule anayeandika deni la sabuni ya mia tano kwa jirani kwa usahihi wa ajabu, deni la miaka minne ya jasho la mtoto wa kaka yake hajaliandika popote! Hilo jambo huwa linanishangaza kila nikilifikiria. Daftari lipo, peni ipo, ukurasa mmoja tu wa huyo dogo ungetosha.

Nikiongea hivi wafanyabiashara wenzangu wananiruka, "wewe unataka tufunge". Tuongee hesabu basi. NSSF, ule mfuko wa pensheni, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Mtu wa 250,000 maana yake wewe unatoa 25,000 na yeye 25,000. Ukiwa na watu watatu na kodi ya fremu, umeme, leseni, ushuru wa taka, nakubali inauma, na kuna miezi haiwezekani kabisa, mimi mwenyewe ilinishinda. Hapo nipo tayari kubishana na serikali pamoja na nyie, kwamba utaratibu mmoja kwa kiwanda cha watu 400 na saluni ya watu 2 haujakaa sawa. Ila WCF ya elfu moja na mia? Mkataba wa ukurasa mmoja? Kumlipa mtu tarehe uliyomwambia, hata kama ni nusu, na kumpigia simu kabla badala ya kuzima simu? Vingine hapo havina gharama kabisa. Tumevifungia kwenye fungu moja na NSSF ili tukishindwa kimoja tuwe tumesamehewa vyote.

Kuna lingine ambalo wanaume wenye biashara hatupendi kulisikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kama ni mapacha, na baba siku 3. Kwenye maduka yetu na saluni zetu hiyo sheria haivunjwi kwa kelele, inavunjwa kimya kimya. Dada anaanza kuonekana tumbo, bosi hamfukuzi, anaanza tu kusema "naona unachoka choka, kapumzike kwanza", mwezi wa saba dada anajiondoa mwenyewe, mwezi wa nane kiti chake kina mtu mwingine. Hakuna kesi maana hakuna aliyefukuzwa. Na bosi huyo huyo machi 8, siku ya wanawake, anakodi mahema na spika anadhamini kikundi cha kina mama cha mtaa.

Nje ya mlango sasa. Gereji mbili za jirani yangu zina tofauti moja ndogo. Moja ina pipa, oili chafu inakusanywa humo, na kumbe ni biashara, mafundi seremala na wenye mabanda wanakuja kununua wapake mbao na nguzo zisiliwe na mchwa. Nyingine inamwaga mtaroni. Sio kwamba yule wa pipa ni mcha Mungu zaidi, amegundua tu oili ni hela. Ila wa mtaroni anawaachia gharama watu asiowajua, maana mitaro mingi ya upande huu mwisho wake ni Mto Msimbazi, na Msimbazi ukijaa kila mtu Dar anajua kinachotokea Jangwani, barabara inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama, maji meusi yanaingia vyumbani kwa watu. Yanaletwa na mvua, sawa, ila rangi yake na taka zinazoziba ni zetu, za viwanda na gereji na kosha magari na mabucha na sisi wa kuchomelea tuliokuwa tunaosha brashi za rangi pale pale nje na kusema ni maji tu.

Anayedhani mdogo hawezi kuleta balaa kubwa akaulizie Mombasa, Owino Uhuru. Kilikuwa kiwanda tu cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kutoa risasi, yale madini ya ndani ya betri, kikaanza 2007 pembeni kabisa ya makazi ya watu, kikaja kufungwa 2014. Moshi na maji yake yakawaingia watu mwilini. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo hapo, mwanae akaugua sumu ya risasi, akageuka akaanza kupambana nao, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Wakazi walienda mahakamani, 2020 wakashinda shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufani ikaja kuutengua ushindi wao, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Miaka yote hiyo kwa kiwanda ambacho ungepita nje yake ukakiona ni cha kawaida tu. Na cha kujifunza pale sio ubaya wa mwenye kiwanda peke yake, kuna vibali vilitolewa na ofisi, na mahakama iliibebesha serikali sehemu ya lawama.

Tena sisi tukibanwa wote kwa pamoja tunaweza, ushahidi ni Juni 1, 2019, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania bara. Kila mtu alisema haiwezekani, mwenye nyanya atafungashia nini. Ndani ya wiki chache soko zima lilikuwa na mifuko mbadala. Vile vifungashio vya nailoni vilivyorudi kinyemela baadae ni habari nyingine, ila ilionekana muuza genge hashindwi kubadilika kama jirani yake nae amebadilika siku hiyo hiyo. Kinachomuua mdogo ni kuwa mwema peke yake, ukilipa mwenyewe gharama ambayo mshindani wako wa mita kumi hailipi, wateja wanahamia kwake.

Ndo maana kwenye kodi nakuwa mzito kuhukumu. Bei mbili zipo kila mahali, bei na risiti na bei bila risiti, na mteja anayelalamika barabara mbovu ndo huyo huyo anasema "nipe ya bila risiti". Hospitali niliyompeleka dogo ni ya umma, imejengwa kwa hizo risiti. Hilo nalijua. Lakini pia niliona Kariakoo inafungwa mei 2023, wafanyabiashara wamegoma kwa kamatakamata ya maofisa wa kodi mpaka Waziri Mkuu akaja kuongea nao Mnazi Mmoja, na juni 2024 maduka yakafungwa tena. Wale hawakugoma wote kwa sababu ni wakwepaji, walikuwa wanasema utaratibu wa kudaiwa hautabiriki. Mtu asiyejua kesho atadaiwa shingapi hawezi kukuahidi wewe mfanyakazi tarehe ya mshahara.

Na wakubwa nao. Tuliwahi kutengeneza grili za ofisi ya kampuni moja kubwa tu, jina silitaji, wana ripoti ya CSR yenye karatasi ya kung'aa. Kazi tulimaliza mwezi wa tatu, hela tulilipwa mwezi wa kumi, kila ukipiga simu unaambiwa invoisi ipo kwa mhasibu, mhasibu yupo likizo, mfumo umebadilika. Kwa miezi ile vijana wetu walilipwa kwa vipande vipande na sehemu kwa mkopo wa riba. Wao kwenye ripoti yao walikuwa wamepanda miti. Kama kuna CSR moja ningewaomba wakubwa waifanye kwa wadogo ni kulipa ndani ya siku 30, waache miti tutapanda wenyewe.

Tuliachana na mshkaji 2021, kwa amani, mashine tukagawana. Dogo tulimlipa mwezi mmoja mzima akiwa nyumbani, wa pili nusu, wa tatu hatukuwa na kitu, akatafuta kazi kwingine na hakutudai. Hakujua kama anaweza kudai na sisi hatukumwambia.

Mwaka jana nilitaka geti la nyumbani nikaelekezwa kwa fundi mmoja Kinyerezi, kufika ni yeye. Kanenepa kidogo, ana vijana wawili, kibao cha biashara kimeandikwa vizuri kwa rangi ya bluu. Alinipokea kwa furaha mpaka nikajisikia vibaya, "kaka shikamoo, kaa hapa, dogo mletee bro maji". Akanichorea geti chini kwa chaki, anashika chaki na vidole vinne vya mkono wa kushoto, ile pingili iliyobaki ameinyanyua juu kama mtu anayekunywa chai ya moto. Tukapatana bei. Nikamuuliza kuhusu WCF, kama vijana amewaandikisha, nikamwambia na kiasi chenyewe, akasikiliza vizuri kabisa, akasema atafuatilia wakitulia na oda.

Nilikuwa naangalia ukutani nyuma yake. Kava la grinda lipo kwenye msumari, jipya, na karatasi ya dukani haijabanduliwa. Akageuka kuona naangalia nini.

"Linazuia kona kaka, si unajua."